Saa Iliyoshonwa kwa Ndani

Tangu mume wangu aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, swali lake lilikuwa moja: "Saa ngapi?" Aliniuliza asubuhi nikimfuta uso, na kabla sijamaliza kukamua kitambaa aliniuliza tena.

Watu wa mtaani walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kizito ambayo mafundi hupimia wima wa ukuta. Ukuta aliopiga lipu yeye hukuwa na haja ya kuuwekea kamba wala rula. Sasa Timazi mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha ubao kilichopandishwa kidogo upande wa kichwa, shingo imefungwa kwa kola ngumu ya hospitali, mikono imekuwa mizito, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kugeuza kichwa. Aliona dari na nusu ya kabati lililokuwa miguuni pake, basi. Mlango ulikuwa nyuma ya kichwa chake. Mtu akiingia, Timazi alisikia hatua tu, akasubiri mpaka huyo mtu ainame juu yake ndipo amjue.

"Mke wangu ni fundi cherehani," aliwaambia waliokuja kumjulia hali, "lakini kola hii hakushona yeye. Angeshona yeye ingenitosha."

Dawa za maumivu zilimfanya asinzie na kuamka, asinzie na kuamka. Kila alipoamka hakujua kama amelala dakika chache au mchana kutwa.

Mimi nilikuwa nimeanza darasa la jioni la umeme mdogo, lile la kutengeneza redio na vitu vya taa, miezi michache kabla ya yeye kuanguka. Nilianza nikiwa tayari ni bibi wa wajukuu. Niliacha shule nikiwa mdogo, na kwa muda wa maisha yangu yote ya cherehani nilimwomba Mungu anipe nafasi nyingine ya kukaa kwenye dawati. Akanipa. Halafu mume wangu akaanguka. Nilipiga magoti nikauliza, Baba, umenifungulia mlango ili unifungie? Nikaendelea kwenda darasani na kuendelea kuuliza.

Jioni nikiwa darasani, Timazi alibaki peke yake. Wifi yangu, dada yake Timazi, alikaa upande wa pili wa ua, na kila jioni alikuja kumchungulia mara moja kati ya kuwapikia wanawe na kuwaogesha. Hakuweza zaidi ya hapo, na alinieleza waziwazi.

"Wifi, mume si sufuria," aliniambia, "ukamtenga jikoni ukaenda zako."

Timazi hakunikataza. Aliniambia jambo lingine, na hilo liliniuma zaidi.

"Ukiondoka, mwanafunzi, sijui umeondoka muda gani. Labda umetoka sasa hivi. Labda umegongwa na gari tangu juzi. Naona dari tu, na dari haina habari."

Saa ya ukutani tulishaijaribu. Gizani haikuonekana, na taa ya dari hakuitaka kwa sababu yeye na taa walikuwa wanatazamana uso kwa uso. Ilimchoma macho, kichwa kikauma. Simu hakuweza kuiinua. Basi tukakubaliana, mbele ya wifi kama shahidi: nikitengeneza saa ambayo Timazi ataisoma mwenyewe gizani, nitamaliza darasa. Nikishindwa, nitaacha nikae naye.

Mwalimu wetu alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, lakini kwenye meza yake nilikuwa mtoto mimi. Nilipomweleza shida yangu alikwenda stoo akarudi na boksi. Ndani, katika pamba, mlikuwa na vichupa vya kioo vilivyotolewa kwenye mizani za zamani za kiwanda kilichofungwa. Kila kichupa kina ukubwa wa kidole gumba. Ndani yake mna nyuzi saba za chuma, nyembamba kuliko uzi wa hariri, zimepangwa kwa umbo la tarakimu nane. Ukipitisha umeme kidogo kwenye uzi, uzi unawaka rangi ya kaa la moto. Ukiwasha nyuzi zote saba, unaona nane. Ukizima ule wa katikati, unaona sifuri. Kila tarakimu ni suala la nyuzi zipi ziwake na zipi zilale.

"Mwanga wake hauumizi macho, mama," mwalimu alisema. "Ila havitengenezwi tena. Ukivunja, umevunja. Hivi vinne ndivyo vya kwako, vingine wameshachukua wenzako."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kunifaa. Kichupa kina miguu chini yake, miguu myembamba ya waya. Kila kichupa kinachomelewa kwa risasi iliyoyeyushwa kwenye kibao chake, pamoja na kidude cheusi kinachojua tarakimu ipi iwashe nyuzi zipi. Halafu vibao vinne vinaunganishwa, kila kimoja kwa waya wa kuchomeka, na ubongo wa saa unaohesabu dakika. Karatasi ya mchoro ilionyesha mguu upi ni wa uzi upi.

Nilisali kabla ya kila mguu. Sala fupi, "Mungu wangu, nisikosee," kisha risasi, kisha moshi kidogo, kisha mguu unaofuata. Na nilikuwa na jambo la kujivunia. Fundi cherehani huchora chaki upande wa ndani wa kitambaa, kwa hiyo mkono wa kushoto wa gauni, likiwa mezani, uko kulia. Miaka yote hii kichwa changu kimekuwa kikipindua vitu chenyewe. Nilipoona kwamba nachomelea kutoka chini, upande wa ndani wa kibao, nikaupindua na mchoro kichwani kama ninavyopindua kitambaa. Wenzangu walikuwa wakikuna vichwa. Mimi nilikuwa nashona.

Mwisho wa kazi mwalimu alitufundisha kujaribu vichupa kwa kuwasha nyuzi zote. Nikawasha. Nane nne zikasimama mezani, hakuna uzi hata mmoja uliolala. Darasa zima likapiga makofi. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta nikalia kidogo, nikamshukuru Mungu, nikarudi ndani.

Ubongo wa saa niliuchomeka nyumbani, siku iliyofuata, kabla ya kwenda darasani. Saa niliiweka juu ya kabati, mbele ya macho ya Timazi, nikapitisha waya mrefu pembeni mwa ukuta mpaka kwenye soketi, kwa kuwa soketi pekee ya chumba hicho iko upande wa kichwa. Kabati hilo lina mlango wa kioo kirefu, lakini kioo nilikuwa nimekifunika kwa shuka. Timazi ndiye aliyeniomba, wiki ile ya kwanza aliyotoka hospitali. "Yule jamaa sitaki kumwona," alisema, na sikumuuliza ni jamaa gani.

Saa niliirekebisha ihesabu kama tunavyosema midomoni: saa moja ya asubuhi ionyeshe moja, siyo saba. Sikutaka mtu mwenye dawa kichwani aanze tena kujumlisha na kutoa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika nane za jioni, na nilikuwa nimechelewa. Nikavuta pazia zito, lile nililolishona kwa vitambaa viwili ili jua lisimuumize, chumba kikawa giza, na zile tarakimu zikang'aa.

"Soma," nikamwambia.

"Moja, moja, sifuri, nane." Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hizo moja zako zimeegemea kushoto."

"Ndivyo zilivyotengenezwa."

"Aliyezitengeneza hakuwa na timazi."

Nikambusu kwenye paji la uso nikakimbilia darasani. Njia nzima nilikuwa naimba.

Darasani simu huzimwa, ni sheria. Tulipotoka niliiwasha nikakuta wifi amenipigia, wifi amenipigia, wifi amenipigia. Kabla sijampigia, nilimwona mwenyewe kwenye kona ya mtaa wetu, kitambaa cha kichwa kimemvuka begani, na fundi viatu wa jirani yuko nyuma yake ameshika tochi.

"Wifi!" alipiga kelele. "Uko hai?"

"Kuna nini? Mume wangu amefanyaje?"

"Wewe ndiye tunayekutafuta! Umetoka wapi saa hizi?"

"Darasani."

"Darasa gani linalotoa watu saa tano usiku?"

"Saa tano ya wapi, wifi? Ndiyo kwanza saa mbili."

Fundi viatu alitazama tochi yake, akatazama duka la mkate lililokuwa wazi na watoto waliokuwa bado wanacheza barabarani. "Na mimi nilijiuliza," alisema polepole, "mbona leo watu hawalali."

"Ni saa yako!" wifi alisema. "Saa yako imesema saa tano. Kaka alikuwa anapiga mayowe mpaka nikaangusha sahani. Nimeingia, nimeiona kwa macho yangu."

Tuliingia chumbani sote watatu. Timazi alisikia hatua lakini hakujua ni za nani, akauliza, "Ni nani? Mmempata?" Nilipoinama juu yake aliniangalia kwa muda mrefu sana. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilishakuzika," alisema.

Nikageuka kutazama saa yangu. Ilionyesha tano, waziwazi, na baada ya tano moja, na baada ya moja kitu kama herufi E. Simu yangu ilisema saa mbili na dakika kumi na tatu.

"Mwanzo ilisema saa kumi na moja," Timazi alieleza. "Baadaye nikaona kumi na tano. Nikasema hiyo ni dawa, hakuna saa kumi na tano. Halafu ikawa saa moja, sawa. Nikafumba macho kidogo. Kufumbua, saa tano. Nikajua usiku umekwenda na wewe hukurudi. Mtu aliyesinzia hawezi kubishana na saa, mke wangu."

Hakuniita mwanafunzi. Niliona hilo.

Wifi alisubiri fundi viatu aondoke. "Wifi," alisema, safari hii bila ukali, "umejaribu. Mungu ameona umejaribu. Sasa acha."

"Tulikubaliana," Timazi alisema, akiwa anaangalia dari.

Asubuhi niliichukua ile saa nikaenda nayo kwenye chumba changu cha kushonea. Sikuweza kusali vizuri. Nilimwambia Mungu, "Kila mguu nilikuomba nisikosee. Kila mguu." Kisha nikaiwasha, nikaiweka kwenye meza ya kukatia, nikakaa kuitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyedanganya.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba haikukosea kila wakati. Sifuri ilikuja pale ilipotakiwa sifuri. Nane ilikuwa nane. Moja ilikuwa moja, japo imeegemea upande. Lakini palipotakiwa mbili ilikuja tano, na palipotakiwa tano ilikuja mbili, kama mapacha wanaobadilishana nguo. Tatu ilikuwa E. Saba ilikuwa imegeuka kama mtu aliyenuna. Kitu kilichoharibika kinaharibika tu, hakichagui. Hiki kilikuwa kinachagua.

Nilitafakari mpaka kichwa kikajaa uzito. Mwisho nikasema wacha nifanye kazi, kuna gauni la mteja linahitaji pindo. Nikaivalisha ile sanamu ya kupimia nguo, nikapiga magoti sakafuni, pini mdomoni, mgongo wangu ukiwa upande wa meza, uso kwenye kioo kirefu ambacho wateja hujitazama. Nikainua macho kuangalia kama pindo limelala sawa. Ndani ya kioo, nyuma ya bega langu, niliiona saa.

Tatu ilikuwa tatu. Si E. Tatu nzuri, yenye tumbo upande wa kulia.

Nikageuka kuitazama saa yenyewe: E. Nikarudi kwenye kioo: tatu. Nikageuka tena. Nilifanya hivyo mara nyingi hata pini zikanidondoka. Mpangilio ndani ya kioo ulikuwa kinyume, ya kwanza imekwenda mwisho, lakini kila tarakimu peke yake ilikuwa safi, na zile moja zilikuwa zimerudi kulia, mahali pake.

Nilimpigia mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha nikasikia anacheka kwa pua.

"Mama, ule mchoro ulishachorwa kama kibao kinavyoonekana kutoka chini. Ulishapinduliwa tayari."

"Na mimi nikaupindua."

"Ukaurudisha juu. Wengine hukosea kwa kutojua kwamba kitu kina juu na chini. Wewe umekosea kwa kujua sana. Na mimi nimekosea kukupa nane ya kujaribia, maana nane ukiigeuza vyovyote ni nane."

"Nifumue?"

"Unaweza kufumua. Lakini ile miguu ni mizee, ukiipasha moto tena inakatika pale pale inapoingia kwenye kioo. Katika vinne, kimoja utakipoteza, pengine viwili. Na mimi sina kingine cha kukupa. Kidude cheusi nacho hakifundishiki, kimezaliwa hivyo."

Katika kazi yangu hakuna kisichofumulika. Nilikaa na simu mkononi, sielewi kama nicheke au nilie. Niliomba nisikosee, nikakosea, na kosa langu limeshikana imara, kila mguu, kazi safi kabisa. Hata leo nikisali najikuta nimerudi kwenye swali hilo: ombi langu lilikataliwa, au lilijibiwa kwa upande wa ndani? Sijui. Nasema sijui kwa sababu ndiyo kweli.

Nilichofanya ni hiki. Zile nyaya nne zinazotoka kwenye ubongo wa saa nilizichomoa, nikazichomeka kinyume: wa mwisho mbele, wa kwanza nyuma. Nikaibeba nyumbani. Nikaiweka kwenye kirafu kilicho juu ya kichwa cha Timazi, jirani na soketi, imetazama kabati. Waya mrefu haukuhitajika tena. Kilichobaki ni lile shuka.

"Unafanya nini huko nyuma?" Timazi aliuliza.

"Naweka saa."

"Nyuma ya kichwa? Nitaionaje, kwa kisogo?"

Nikaenda nikasimama mbele ya kabati, mahali anaponiona, mkono kwenye shuka. Alielewa. Uso wake ukakunjamana.

"Nilikuomba ukifunike."

"Najua."

"Yule jamaa sitaki kumwona."

"Nitavuta pazia kwanza. Utaona saa tu. Ukiona kingine chochote, sema, nitalirudisha shuka, nitabaki nyumbani, na hutasikia neno lolote kutoka kwangu."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Katika ndoa yetu hiyo ni ruhusa ya kutosha. Nikavuta pazia mpaka chumba kikawa giza, nikalishusha shuka, nikakaa pembeni ya kitanda.

Ndani ya kioo hapakuwa na kitanda wala mtu. Palikuwa na tarakimu nne tu, rangi ya kaa, zimening'inia gizani.

"Moja," alisoma. "Moja. Moja. Saba." Akasubiri. Saba ikawaka nyuzi zake zote, ikawa nane. "Moja na nane. Kumi na moja na dakika kumi na nane." Akasubiri tena, nami nilisubiri. "Kumi na tisa. Hizo moja zimesimama sawa leo."

"Ndiyo."

"Sasa ina timazi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi nenda. Si una darasa? Nenda, utachelewa."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda kufungua mlango. Mwanga wa jioni ukaingia chumbani kwa ghafla, nami nikakumbuka kioo, nikataka kuufunga haraka.

"Acha wazi," Timazi alisema.

Nikasimama na mkono kwenye kitasa.

"Nakuona," alisema. "Mlangoni. Tangu nianguke sijakuona ukisimama mlangoni. Huwa unatokea tu juu yangu kama mvua." Macho yake yakashuka kidogo kwenye kioo. "Na yule mzee mwenye kola ni nani?"

"Mume wangu."

"Amekonda."

"Amekonda. Lakini amenyooka."

Akaanza kucheka, na kola ikamkaba, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Wakati huohuo wifi akaingia akinipita mlangoni, kibakuli mkononi, jua lote la jioni mgongoni mwake. Aliitazama saa moja kwa moja pale kirafuni, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya.

"Mungu wangu! Saa tano na dakika kumi na moja!"

"Na jua hilo lote?" Timazi alimuuliza. "Wifi yako bado hajaondoka hata. Geuka, dada, saa inasomwa kule."

Wifi aligeuka akatazama kioo. Akageuka akatazama saa. Akatazama kioo tena. Kisha akanitazama mimi, kibakuli kikiwa kimeanza kumwagika.

"Sasa ipi ndiyo kweli?" aliuliza.

"Mwulize yeye," nikasema. "Mimi nimechelewa."

"Nenda, mwanafunzi," sauti ya Timazi ilinifuata uani. "Nakuhesabia."